Kipindi cha watoto kwenye redio ya umma: kibaki hewani au kihamie YouTube?

DadaAntena ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua utangazaji wa umma kwa undani, hasa upande wa watoto.

Redio ni ya FM, inamilikiwa na halmashauri, wasikilizaji wengi ni wa vijijini. Kipindi cha watoto ni cha dakika 30, Jumamosi saa 3 asubuhi, kimelengwa miaka 5 hadi 10. Mdhamini anamaliza mkataba Desemba na ameshasema haongezi. Mezani kuna mapendekezo mawili: kukitoa hewani kabisa na kukihamishia YouTube kwa hoja kwamba "watoto wa sasa wako kwenye simu", au kukibakiza hewani kwa kutengeneza kipindi kipya kimoja tu kwa mwezi na wiki nyingine kupiga nyimbo.

Maswali yangu ni haya. Kuna mashirika ya umma yaliyoondoa vipindi vya watoto hewani na kuvihamishia mtandaoni, na waliamuaje? Gharama inapunguzwa wapi bila kuua kipindi? Na kama tutapeleka mtandaoni, nini hukosewa kiufundi na kisheria? Naomba majibu yenye hesabu, maana nitayabeba kikaoni.

---

SeraHewani amejibu:

Dada, anza na Denmark. Shirika la umma la DR lilifunga chaneli ya hewani ya DR Ultra Januari 2020 na kuibakiza mtandaoni tu. Ultra ilikuwa ya watoto wakubwa, miaka 7 hadi 12. Ya wadogo, DR Ramasjang, iliachwa hewani. Uingereza nako, Mei 2022 BBC ilitangaza kwamba CBBC ya watoto wakubwa itaacha kurushwa hewani miaka ya mbele. CBeebies ya wadogo haikuwemo kwenye tangazo lile. Hizo ni nchi ambazo intaneti ya nyumbani hailipiwi kwa bando la siku, na bado zote mbili zilisita kumgusa mtoto wa miaka minne. Sababu haihitaji utafiti: mtoto mdogo hatafuti kipindi, hukikuta. Akiikuta redio imewashwa na bibi, kipindi kimemfikia. Mtandaoni lazima awepo mtu mzima wa kukitafuta, kukilipia bando na kumwachia simu.

Kwa hiyo ukiambiwa "hata Ulaya wanahamia mtandaoni", uliza wamewahamisha watoto wa umri gani. Kipindi chako ni cha miaka 5 hadi 10, yaani walengwa wako wa miaka 5 na 6 ni wale ambao Ulaya yenyewe imewaacha hewani.

Mfano wa tatu ni wa Ufaransa. France 4, chaneli ya umma ya watoto na vijana, ilipangiwa kufungwa Agosti 2020. Corona ikaja, shule zikafungwa, na chaneli hiyo ndiyo iliyobeba masomo ya kila siku. Ufungaji ukaahirishwa, na Mei 2021 serikali ikaacha kabisa mpango huo. Kwetu Tanzania shule zilifungwa Machi 17, 2020 na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Kenya ilikaa muda mrefu zaidi, madarasa yote yakarudi Januari 2021, na masomo ya KICD, taasisi yao ya mitaala, yalikuwa yakipita kwenye redio za KBC, shirika lao la utangazaji wa umma. Redio yenye kipindi cha watoto kinachoendelea ilikuwa na watayarishaji, sauti zinazojulikana na saa inayokumbukwa. Isiyo nacho ilianza kutafuta watu siku ya dharura. Hoja hii huwagusa madiwani kuliko hoja yoyote ya utamaduni, kwa sababu mafuriko na kipindupindu navyo hufunga shule.

Sasa pesa, ndiko kipindi chako kilikoumia. Uingereza ilipiga marufuku matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi kwenye vipindi vya watoto kuanzia 2007. Marufuku ile ilikuwa sahihi kwa afya ya mtoto. Lakini hakuna aliyeziba pengo la fedha, na vituo vya biashara vikapunguza sana kutengeneza vipindi vipya vya watoto, mzigo ukabaki kwa BBC karibu peke yake. Mwaka 2019 serikali ikaanzisha mfuko wa majaribio wa miaka mitatu, ukatengewa pauni milioni 57, ukasaidia kazi nyingi nzuri, kisha 2022 ukafungwa bila kurithiwa na chochote. Marekani, Bunge lilirudisha hazina takriban dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma Julai 2025, na Mei mwaka huo huo ruzuku ya Ready To Learn, iliyokuwa ikigharimia vipindi vya elimu kwa watoto wadogo, ilikuwa imeshakatwa. Walioumia zaidi ni vituo vidogo vya vijijini, kwa sababu kwao ruzuku ile ilikuwa sehemu kubwa ya bajeti.

Hivyo hata fungu lililopitishwa kwa sheria hukatwa. Ila tazama tofauti: kulikata fungu la Marekani kulihitaji kura za mabaraza mawili ya Bunge, hoja hadharani na majina ya waliopiga kura. Mdhamini wako amekata kwa barua moja. Ndiyo maana nakushauri usitafute mdhamini mwingine kwanza. Tafuta kasma, yaani fungu la bajeti. Hata ikiwa ndogo, iwe na mstari wake kwenye bajeti ya kituo, yenye jina "kipindi cha watoto", isifichwe ndani ya "gharama za vipindi". Fungu lisilo na jina ndilo hukatwa la kwanza, kwa kuwa hakuna anayelazimika kusema amekata nini.

---

MwalimuSikivu amejibu:

Naongezea upande wa utayarishaji. Pendekezo la kipindi kipya kimoja kwa mwezi linaonekana la kubana matumizi, lakini ndilo ghali. Kila mwezi unaita watoto upya, unawasha studio upya, unaandika muswada kwa haraka, na msikilizaji hajui wiki gani kuna kipindi na wiki gani kuna nyimbo. Mtoto akikosa kipindi Jumamosi mbili, saa ile inachukuliwa na jambo jingine.

Fanya hivi. Robo ya mwaka ina wiki 13. Tengeneza vipindi 13 kwa mkupuo mmoja, mara mbili kwa mwaka, upate 26. Kila kimoja kirushwe mara mbili ndani ya mwaka, wiki zote 52 zimejaa. Hesabu ya siku za kazi kwa vipindi 13: miswada siku 8, kurekodi hadithi zote siku 2 kwa wasimulizi wawili, kurekodi watoto vikao 3, kuhariri siku 13. Jumla siku 26. Ukitengeneza kila wiki kivyake, kipindi cha namna hii hula siku tatu hadi nne, yaani siku 39 hadi 52 kwa robo. Akiba iko hapo, wala hujapunguza hata dakika moja hewani.

Muundo wa dakika 28 na nusu ninaoupendekeza: kiashirio na salamu dakika 1 na nusu, vitendawili 3, hadithi 8, wimbo 2 na nusu, sauti za watoto 5, mchezo wa kujibizana wa hesabu au lugha 5, wimbo wa pili 2, zoezi la nyumbani na kuaga 1 na nusu. Hadithi ya dakika 8 haizidi maneno 700. Watayarishaji wengi huandika maneno 1,000, wakifika studio msimulizi anakimbia, mtoto anaachwa njiani. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na kwenye halmashauri nyingi mtoto wa miaka mitano bado anakisikia Kiswahili kama lugha ya pili. Neno jipya lirudiwe mara tatu ndani ya hadithi, katika sentensi tatu tofauti, bila kusimama kulifafanua kama kamusi.

Sehemu ya kujibizana ndiyo moyo wa kipindi, na sisi tulikuwa nayo kabla ya redio. "Paukwa" ina "pakawa" yake, "kitendawili" kina "tega" yake. Msikilizaji anajua kwamba zamu yake imefika. Elimu ya redio ya kushirikisha iliyofanyiwa kazi Nicaragua miaka ya 1970 kwa somo la hesabu ilisimama juu ya kanuni hiyo hiyo: uliza, nyamaza, mtoto ajibu kwa sauti, kisha toa jibu. Zanzibar mradi wa elimu kwa redio wa RISE uliitumia kwa watoto wa awali na darasa la kwanza kwenye vipindi vya Tucheze Tujifunze. Kimya baada ya swali kiwe sekunde 4. Chini ya 3, mtoto wa nyuma hajafikiri. Zaidi ya 6, wanaanza kuzungumza mambo yao. Swali la kuhesabu vitu vilivyo karibu nao lipewe sekunde 10, lakini weka mlio wa ngoma ndogo ndani yake.

Kurekodi watoto: sita kwa kikao, dakika 90 mwisho, maji na mapumziko katikati. Usiwape karatasi. Mtoto akisoma karatasi anapanda sauti kama anayeghani shairi siku ya mahafali, na mtoto mwenzake anayesikiliza anajua papo hapo kwamba haya si maneno yake. Uliza "ilikuwaje?" au "ulifanya nini kwanza?" Ukiuliza "ulifurahi?" utapata "ndiyo" moja na kimya. Mtangazaji naye aache ile sauti ya kubembeleza watoto. Azungumze kama mtu mzima anayemheshimu mtoto.

Usiweke kitu kinachooza. "Jumamosi hii", "wiki ijayo mitihani", jina la mkuu wa shule, vyote vikae kwenye kiungo cha dakika moja kinachorekodiwa upya kila wiki na kubandikwa mbele. Sehemu nyingine yote ibaki ya kudumu.

---

fundi_feda amejibu:

Hapo kwenye kimya cha sekunde 4 ndipo mafundi tunapoharibu, kwa hiyo naomba niseme.

Kwanza, mhariri anaona mawimbi yamelala, anadhani ni kosa, anakata. Andika kwenye muswada "KIMYA CHA MTOTO, SEKUNDE 4, USIKATE" kila mahali. Pili, vituo vingi vina kifaa kinachogundua ukimya na kuwasha muziki wa akiba. Kiangalie kimewekwa sekunde ngapi. Kikiwa kwenye 10 au 15, kimya cha 4 kiko salama, ila kile cha 10 alichotaja mwalimu kinaweza kuleta muziki katikati ya swali, ndiyo sababu ngoma ni lazima. Tatu, mtambo wa kusawazisha sauti kabla ya transmita hupandisha kila kitu kikiwa kimya. Feni, jenereta ya jirani na mlango vitasikika kama vimeingia studio. Rekodi sekunde 30 za hewa ya chumba bila mtu kusema, zitumie kujaza sehemu hizo za kimya kwa kiwango cha chini, badala ya ukimya kamili wa kompyuta.

Sauti ya mtoto ni nyembamba na ina "s" kali. FM yenyewe huinua masafa ya juu kabla ya kurusha, hivyo "s" hizo hufikia kikomo mapema na mtambo unazibana, mtoto anasikika kama ana kitambaa mdomoni. Usiongeze masafa ya juu hata kama kwenye spika za studio inapendeza. Kata chini ya hertzi 100, punguza kidogo kati ya kilohertzi 6 na 8 pale "s" zinapochoma, basi. Kipaza sauti kiwe cha aina ya dainamiki, umbali wa sentimita 15 hadi 20, kikae kwenye stendi ya sakafuni. Ukikiweka mezani utarekodi magoti. Ni bora watoto wakae kwenye mkeka, mapazia yamefungwa, kuliko kwenye viti vinavyozunguka. Vilele vya sauti wakati wa kurekodi visizidi desibeli −12, kwa maana mtoto hunong'ona kisha akapiga kelele bila taarifa.

Kuhifadhi: WAV ya kilohertzi 48, biti 24, mono, dakika 30 ni takriban MB 260. Vipindi 26 ni chini ya GB 7. Hakuna kituo kinachoshindwa kuhifadhi hizo mahali pawili. Kosa kubwa ni kuhifadhi faili moja tu lililochanganywa, muziki uko chini ya maneno na hautoki tena. Weka maneno peke yake, muziki peke yake, sauti za watoto peke yake. Mwakani ukitaka kubadili wimbo wenye mgogoro wa haki, au kutengeneza toleo la lugha nyingine, kazi ni ya saa mbili. Bila hivyo unaanza upya.

Kwa hewani sawazisha kwenye −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa simu −16, kwa sababu spika ya simu ni ndogo na mtoto anasikiliza jikoni kwenye kelele. MP3 mono ya kilobiti 64 kwa dakika 30 ni MB 14.4. Ya kilobiti 32 ni MB 7.2, na kwa maneno matupu inatosha, ingawa nyimbo zitachakaa. Hadithi peke yake ya dakika 8 kwa kilobiti 64 haifiki MB 4. Hiyo ndiyo ya kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi na walimu, kipindi kizima hakuna atakayekipakua. Pia jaza vipindi 13 kwenye memori kadi kwa shule ambazo redio haishiki. Simu za kitochi nyingi husoma MP3 kutoka kwenye kadi bila bando lolote.

Video sikushauri kwa sasa. Dakika 12 kwa ubora wa chini wa kilobiti 500 ni MB 45, zaidi ya mara kumi ya hadithi yako ya sauti, na katuni nzuri ni kazi ya timu nzima. Ubongo Kids wamefanikiwa kwa sababu wana timu hiyo, na hata wao walianza 2014 kwa kurushwa TBC1. Hawakuanza kwa kuikimbia hewa.

---

DadaAntena:

Ahsanteni sana, mwalimu na fundi, nimeandika yote. Yamebaki mawili. Meneja atauliza: marudio si yatawachosha watoto? Na upande wa YouTube, tukipeleka hata hadithi za sauti zenye picha moja, tuangalie nini? Watoto wetu wanatajwa majina na shule zao hewani, ndivyo kipindi kilivyozoeleka.

---

WakiliPwani amejibu:

Niko Mombasa, kwa hiyo sheria za Kenya nazijua zaidi, ila msingi ni mmoja. Hilo la majina na shule lisimamishwe hata kabla ya kufika YouTube. Hewani sauti hupita. Mtandaoni jina kamili, shule, darasa na sauti ya mtoto vinakaa pamoja milele, na mtu yeyote anaweza kumngoja mtoto huyo langoni akamwita kwa jina. Jina la kwanza na umri vinatosha. Mahali pawe wilaya, pasiwe kijiji wala shule. Katika mashindano, namba ya simu ya mzazi isisomwe hewani hata kwa kutaja tarakimu za mwisho.

Idhini iwe ya maandishi, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ikitenganisha mambo matatu yenye visanduku vitatu: kurushwa hewani, kuwekwa mtandaoni, kutumika tena miaka ijayo. Fomu zenye sahihi moja kwa yote huleta mgogoro, kwani mzazi aliyekubali redio hakukubali YouTube. Mwalimu mkuu si mbadala wa mzazi. Na mtoto mwenyewe aulizwe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa haki ya kusikilizwa kwenye kifungu cha 12, na kifungu cha 17 ndicho kinachozungumzia vyombo vya habari. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data ya mtoto. Tanzania mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, isomeni pamoja na Sheria ya Mtoto ya 2009.

YouTube: tangu Januari 2020 kila video lazima itajwe kama imetengenezwa kwa watoto au la, kufuatia kesi ya Marekani iliyoigharimu kampuni hiyo dola milioni 170 mwaka 2019. Ukitaja kwamba ni ya watoto, maoni yanazimwa, matangazo yanayomfuata mtazamaji kwa tabia zake yanazimwa, na kengele ya taarifa haifanyi kazi. Maana yake mapato yatakuwa madogo sana, na huwezi kuwakumbusha watazamaji kwamba kipindi kipya kimetoka. Wapo wanaotaja uongo ili kukwepa hayo. Msifanye hivyo: mnaingiza watoto wenu kwenye ufuatiliaji wa kibiashara kwa jina la halmashauri, na chaneli inaweza kufungiwa. Kwa hiyo hoja ya kwamba YouTube itachukua nafasi ya mdhamini haisimami. Julai 2025 mdhibiti wa Uingereza, Ofcom, alilazimika kupendekeza maudhui ya utangazaji wa umma yapewe nafasi ya mbele YouTube, maana hata ya BBC yanazama humo. Hadithi ya redio ya wilaya itazama zaidi.

Jambo la mwisho ni nyimbo. Leseni ya kupiga muziki hewani haimaanishi ruhusa ya kuuweka mtandaoni. Ukipandisha kipindi kizima, mfumo wa YouTube utautambua wimbo na mapato au video vitachukuliwa. Rekodini nyimbo zenu na kwaya ya shule, nyimbo za michezo za jadi zisizo na mmiliki, na mpate sahihi ya mpangaji wa muziki na waimbaji.

---

MwalimuSikivu amejibu:

Kuhusu marudio, mwambie meneja atazame umri badala ya tarehe. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu kipindi kiliporushwa mara ya kwanza hakukielewa, na baada ya miaka miwili ndiye mlengwa. Hadhira ya watoto wadogo inajifanya upya yenyewe. Watoto hao pia hupenda kurudiwa, anayeijua hadithi hujibu kabla ya msimulizi, na hapo ndipo lugha inapokaa. Wanaochoka ni watu wazima wa studio. Tahadhari ni moja: ukiacha marudio ya wiki hiyo hiyo kwa waliokikosa, usirudie ndani ya wiki sita kwa watoto wa miaka 8 hadi 10, hao hukumbuka na hulalamika.

Marudio yanatatua pia tatizo la saa. Jumamosi saa 3 asubuhi, maeneo ya pwani watoto wako madrasa, na bara wengi wako mtoni au shambani. Badala ya kuhama moja kwa moja, weka Jumamosi na marudio ya siku ya kazi, mfano Jumatano saa 11:30 jioni, wamerudi na giza halijaingia. Kisha pima. Usiulize darasa "nani anasikiliza redio yetu?", mikono yote itapanda. Chagua shule nne, watoto 30 wa darasa la pili na 30 wa la nne kila moja, wape karatasi yenye picha nne, waulize mnyama gani alidanganya kwenye hadithi ya wiki iliyopita. Kwa kubahatisha tu robo watapata. Wakipata nusu na zaidi, kipindi kinafika. Fanya Jumatatu kwa cha Jumamosi na Alhamisi kwa cha Jumatano, kwa shule tofauti, ndani ya wiki mbili utajua saa ipi inashinda.

---

SeraHewani amejibu:

Dada, kuhusu kikao. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 lakini mapendekezo ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ukisubiri mdhamini aondoke Desemba ndipo uandike, huenda ukakuta mapendekezo ya idara yameshakusanywa. Andika sasa. Ukurasa mmoja: siku 26 za kazi kwa kila vipindi 13, posho za wasimulizi wawili, nauli na chakula cha watoto 18 na walezi wao, diski mbili za kuhifadhia, memori kadi kwa shule zisizoshika masafa. Weka bei za kwenu.

Usiende peke yako. Pitia kwa Afisa Elimu Awali na Msingi na Afisa Ustawi wa Jamii. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile ya miaka 0 hadi 8 iliyozinduliwa Desemba 2021, inazitaka halmashauri zipange shughuli zake kwenye bajeti, na elimu kwa jamii ni sehemu yake. Kipindi kikiombwa na idara mbili kina nguvu kuliko kikiombwa na redio. Kama lazima upate mdhamini wa kuziba Januari hadi Juni, mkataba useme hachagui maudhui, jina lake litajwe mwanzo na mwisho tu nje ya hadithi, na asiwe wa soda, biskuti wala mikopo ya simu. Na adaiwe taarifa ya miezi sita kabla ya kuondoka. Huyu wa sasa amekupa muda gani?

---

DadaAntena:

Mwezi mmoja na nusu, kaka. Mkataba haukutaja taarifa yoyote, ndiyo nimeuona leo. Naandika ukurasa huo usiku huu, kesho naanza kwa Afisa Elimu. Fundi, kile kifaa cha ukimya nimekiangalia: kimewekwa sekunde 5.

---

fundi_feda amejibu:

Tano ni karibu mno na kimya chako cha 4, ukijumlisha mkia wa neno na mwanzo wa jibu itakuwa inawaka kila kitendawili. Muombe mhandisi aipandishe hadi 15 kwa ratiba nzima. Akikataa, rekodi hewa ya chumba uijaze kwenye kila kimya kwa kiwango kilicho juu kidogo ya kizingiti cha kifaa, yaani kile ambacho chini yake kinahesabu ni ukimya. Kama kizingiti ni desibeli −40, iweke kwenye −36. Ijaribu usiku wa manane kwa dakika tano kabla hujairusha Jumamosi.